Mnacheza Pamoja kwa Ajili ya Nini?

Tarehe 16 Januari 2007 kampuni ya Blizzard ilitoa nyongeza ya kwanza ya gemu lake la World of Warcraft, ikaiita The Burning Crusade. Hadi siku hiyo mapambano makubwa ya gemu hilo yalikuwa ya watu 40 wanaoingia pamoja. Kuanzia hapo ukomo ukawa 25, na ngome ya kwanza ya nyongeza hiyo, Karazhan, ikapokea watu 10 tu. Hakuna aliyetukanwa wala aliyeibiwa, lakini vyama vya wachezaji vilivyokuwa vimekaa pamoja karibu miaka miwili vikaanza kupasuka. Watu 15 walikuwa wamezidi, na katika hao walikuwamo waliokuwa wakikesha kuchuma majani ya dawa walizokunywa wenzao vitani. Karazhan nayo ikaleta lake. Chama kilichojigawa vikosi viwili vya watu kumi kumi kilijikuta na kikosi cha mabingwa na kikosi cha waliobaki. Hata vyote viwili vikifaulu, kumi na kumi ni ishirini. Mkitaka kwenda kwenye pambano la 25 mtafute watano wengine, na mabishano ya nani anastahili nafasi yanaanza upya.

Wachezaji wa zamani mpaka leo huilaumu kampuni. Mimi naona namba ile ilifichua tu jambo ambalo vyama vingi havikuwahi kulizungumza: tumekusanyika ili tuyaangushe haya majitu ya gemu, au tunayaangusha majitu ili tupate sababu ya kukusanyika? Wakati wa watu 40 maswali hayo yalikuwa na jibu moja, maana kila mwenye mikono alihitajika. Nafasi zilipopungua yakawa na majibu mawili, na watu wakagundua kwamba rafiki wa miaka miwili alikuwa na jibu tofauti na lao.

Kama unaongoza gildi, klani, aliansi au kikosi (kila gemu lina jina lake, mimi nitasema chama), swali hilo litakufikia wewe pia, na halitangoji toleo jipya. Litakuja siku mtu mzuri lakini dhaifu anapotaka kuingia vitani. Litakuja siku fundi wenu mkubwa anapoanza kuwatukana wageni. Kikoba cha mtaani ambacho wanachama wake hawakukubaliana kama fedha ni za mtaji au za misiba hukaa kwa amani mpaka siku ya kwanza ya kuzitumia, na chama cha gemu hakina tofauti.

Kwa hiyo andikeni lengo lenu kwa sentensi moja au mbili, kisha mlijaribu kwa ugomvi. "Sisi ni familia moja inayocheza kwa upendo na heshima" haitaamua ugomvi wowote. Linganisha na hii: "Tunataka kupanda daraja la ligi, na anayeingia vitani anamaliza mashambulizi yake." Au hii: "Tunacheza Ijumaa na Jumamosi usiku baada ya kazi, na hakuna anayeachwa nje kwa sababu ya udhaifu." Hizo mbili zinapingana, na kila moja inafaa kabisa kujengea chama. Kinachoua chama ni kuandika ya pili na kuongoza kwa ya kwanza.

Chukua Clash of Clans, gemu la Supercell ya Helsinki ambalo wengi wetu tumelicheza kwa kuwa linakubali simu ya kawaida na halili bando sana. Klani ina nafasi 50. Vita vya kawaida ni siku moja ya maandalizi na siku moja ya mapigano, na kila aliyeingizwa ana mashambulizi mawili. Sasa yupo anayepiga moja akalala. Asubuhi mnakuta mmeshindwa kwa nyota mbili na shambulio lake halijatumika. Klani inayotafuta daraja humweka nje ya vita inayofuata, bila matusi, kwa sababu kila mtu aliijua kanuni. Klani ya kupunguza mawazo humtania kidogo na maisha yanaendelea. Lakini klani isiyojiamulia hufanya yote mawili: Juma anafukuzwa kwa kosa ambalo wiki iliyopita binamu wa kiongozi alisamehewa. Gemu lenyewe limekupa kitufe cha mtu kusema yuko tayari kwa vita au hayuko. Asiyekuwa tayari asiingizwe ili kujaza idadi, maana vita inaweza kupangwa ya watu wachache, hata watano.

Lengo la kweli litawafukuza baadhi ya watu, na viongozi wengi huogopa hapo. Mtu akisoma sentensi yenu akaona si mahali pake, amewaokolea miezi ya mivutano. Wapo mnaowapenda ambao hawaendani na lengo, na kwao vyama vya Clash vimezoea dawa nzuri: klani ya pili, jina linafanana, kikundi cha WhatsApp ni kimoja, lakini moja ni ya ligi na nyingine ni ya kupumzika na kukuza vijiji. Mtu huhama kwa muda, akarudi. Sharti lake ni moja: klani ya pili iwe na kiongozi anayeipenda. Ukiigeuza kuwa jalala la walioshindwa, umerudia kosa la vikosi viwili vya Karazhan.

Na msidharau lengo la kuwa pamoja tu. Mats Steen, kijana wa Norwe aliyekuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli, alicheza World of Warcraft kwa miaka katika gildi ya Starlight, ambako wenzake walimjua kwa jina la Ibelin. Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walidhani mtoto wao ameishi mpweke, mpaka ujumbe wa rambirambi ulipoanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali, na baadhi ya wanagildi wakasafiri kwenda kumzika. Filamu ya maisha yake imeonyeshwa Netflix tangu 2024. Starlight haikuwa ikishindana na mtu kuwa ya kwanza duniani. Ilikuwa gildi ya kuigiza wahusika na kupiga soga, na kwa lengo hilo ilifanikiwa kuliko vyama vingi vyenye vikombe.

Mahali ambapo lengo hupimwa kila wiki ni kwenye nyara. Katika mapambano ya watu 40 jitu likianguka lilitoa vitu viwili vitatu vya thamani. Hesabu mwenyewe ni wangapi waliondoka mikono mitupu. Wachezaji wa EverQuest, gemu lililotoka 1999, waliliona tatizo hili mapema wakabuni pointi za kuua joka: ukihudhuria unapata pointi, ukichukua kitu unalipa kwa pointi zako. Mfumo huo ukaenea kwenye magemu mengine kwa sababu unalipa jasho. Ubaya wake, mwanachama mpya huwa nyuma daima hata kama ndiye anayekihitaji kitu, na wazee hulimbikiza pointi wakingojea upanga mmoja wanaoutamani. Njia ya pili ni baraza: viongozi wachache wanaamua kitu kimfae nani. Baraza likiwa la haki chama kinaimarika haraka, lakini harufu ya upendeleo hailiachi hata likiwa safi. Njia ya tatu ni kete. Kete haina ndugu, ila inaweza kumpa silaha bora mtu anayeondoka kesho.

Watu hubishana ni ipi bora kana kwamba jibu liko kwenye hesabu. Jibu liko kwenye sentensi yenu. Mnaothamini mahudhurio, tumieni pointi. Mnaofukuzia ushindi, wekeni baraza, na baraza liandike sababu za kila uamuzi mahali ambapo wote wanasoma. Mliokuja kufurahi, rusheni kete mwende mkalale. Njia yoyote mtakayoshika, itangazwe kabla ya jitu kuanguka, kwa kuwa kanuni inayotungwa maiti ikiwa chini ina jina la mtu ndani yake. Mimi ningeongeza moja ambayo si kila kiongozi ataipenda: kitu cha kwanza cha thamani kisiende kwa kiongozi, mchumba wake wala rafiki yake wa shule, hata kama pointi zinaruhusu.

Kwenye Clash mtihani huu uko katika ligi ya vita vya klani, ambayo hudumu siku saba, kila mtu shambulio moja kwa siku. Mwishoni huwa kuna medali za ziada ambazo kiongozi na wasaidizi wake huwagawia wachache. Weka orodha ya zamu na uionyeshe: waliopata mwezi huu, watakaopata mwezi ujao, na nyota ngapi zinamweka mtu kwenye foleni. Orodha hiyo huzuia manung'uniko mengi kuliko hotuba.

Fedha nitaipitia haraka. Mkiingia mashindano yenye zawadi, mgao uandikwe kabla ya mechi ya kwanza, pamoja na fungu la mchezaji wa akiba aliyekaa macho bila kuchezeshwa. Michango ya kiingilio ipite kwenye namba moja ya simu inayojulikana, na ujumbe wa muamala uwekwe kwenye kikundi. Akaunti za watu zisiazimwe kwa ajili ya kushinda mechi. Ikipotea moja, hakuna ushindi utakaoifidia.

Sasa saa. Vyama vya Waswahili siku hizi vina watu Tanga, Mombasa, Goma, Muscat, Berlin na Toronto, na ugomvi mwingi unaoonekana kuwa wa nidhamu ni wa saa tu. Kiongozi akiandika "tukutane saa 2", wa Tanga anajua ni saa mbili usiku, na aliyekulia Toronto anahesabu kwa mtindo wa huko, anashangaa vita ya alfajiri. Andika 20:00, useme ni ya Afrika Mashariki. Hapo Muscat ni 21:00, na Goma, Kigali na Bujumbura ni 19:00. Berlin ni 19:00 wakati wa kiangazi lakini 18:00 wakati wa baridi, maana Wajerumani hubadili saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba na sisi hatubadili. Kwa hiyo kila Oktoba kuna mtu Ulaya anayefika saa nzima baadaye, akiamini amewahi. Toronto ni mchana, 13:00 au 12:00 kutegemea msimu, na mtu yuko kazini. Usimtarajie siku za wiki. Mpe kazi isiyotegemea saa maalumu, kama kupanga mpango wa mashambulizi au kuchangia askari.

Kalenda nayo iheshimiwe. Ramadhani huwahi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kwa wanachama wa Pwani, Zanzibar na Oman saa mbili usiku ya mwezi huo ni ya tarawehe. Sogezeni vita hadi baada ya hapo. Kabla ya daku kuna muda mzuri, na mara nyingi mtashangaa jinsi watu wanavyojaa. Mitihani ya kidato cha nne huwachukua vijana Oktoba na Novemba. Chama kiwe na likizo rasmi: mtu anaaga, nafasi yake inalindwa, anarudi na cheo chake. Asiyeaga ndiye wa kuulizwa. Na mwenye intaneti ya nyumbani asimcheke anayehesabu MB: kama mazungumzo ya sauti yanawamaliza wenzenu bando, mpango uandikwe mapema kwa maandishi, sauti ibaki kwa dakika za pambano.

Baada ya saa, funguo, yaani nani ana mamlaka ya kufanya nini. Februari 2009, katika gemu la EVE Online, aliansi ya Band of Brothers, mojawapo ya zilizoogopwa zaidi, ilifutika bila kushindwa vitani. Mmoja wa wakurugenzi wake alihamia kwa maadui, Goonswarm, na kwa kuwa mamlaka yake yalikuwa kamili, aliansi ikavunjwa kwa mkono wake. Umiliki wa eneo walilolijenga kwa miaka ukapotea nayo. Mapema 2010 Goonswarm wenyewe wakavurugwa na kiongozi wao, aliyewaachia chama kilichoporwa. Na Januari 2014, malipo ya kumiliki mfumo wa nyota uitwao B-R5RB yalipokosa kulipwa, kazi ndogo kabisa ya kiofisi, palizuka pambano la karibu siku nzima lililovuta zaidi ya wachezaji elfu saba na kuteketeza meli 75 za aina kubwa kuliko zote.

Ushauri wa kawaida hapo ni "usimwamini mtu". Siukubali, kwa sababu chama cha watu wanaoshukiana hakichezi. Gawa funguo kwa kazi. Anayepanga vita apewe uwezo wa kupanga vita tu; anayetunza ghala, ghala tu. Cheo cha heshima kisifungamane na uwezo wa kufukuza watu. Kwenye Clash hilo linakutaka uwe mchoyo wa cheo cha kiongozi mwenza, maana mwenye cheo hicho akiamka na hasira anaweza kuwatoa wanachama mmoja mmoja kabla hujafungua simu. Kazi za kila wiki ziwe na watu wawili, wa kwanza na wa akiba, ili mmoja akiugua malipo yasikose.

Ila tazama kilichofuata kwa Goonswarm. Walijikusanya upya, wakarudi kuwa miongoni mwa aliansi kubwa za EVE. Walikuwa wameanza kama watu wa Something Awful, jamii ya vichekesho ya mtandaoni iliyokuwapo kabla ya wao kuingia gemu hilo. Mali ilichukuliwa, jina likavurugwa, lakini utani wao na namna yao ya kujiona havikuwa kwenye ghala lolote la gemu. Ndiyo maana nawasihi viongozi wawe na mahali pa kukutana nje ya gemu ambapo hakuna anayezungumzia mashambulizi: kikundi cha mpira, cha mapishi, cha kuomba kazi, chochote kile.

Jambo moja sitalipitia haraka. Juni 2020 Method, gildi ya Ulaya iliyokuwa imeshinda mara kadhaa mbio za kuwa ya kwanza duniani katika World of Warcraft, iliporomoka ndani ya siku chache. Kulikuwa na tuhuma za unyanyasaji wa kijinsia dhidi ya mmoja wa watu wake, na uongozi ukalaumiwa kwa namna ulivyolishughulikia suala hilo. Wachezaji wakaondoka, wadhamini wakaondoka, na baadaye mwaka huohuo wengi wa wapiganaji wake wakaunda gildi mpya, Echo. Nimewasikia viongozi wakitetea mnyanyasaji kwa neno "umoja": tusilikuze, litatuvunja. Umoja unaolindwa kwa kumnyamazisha msichana wa miaka kumi na sita aliyetumiwa picha za aibu na mwanachama ni wa kuvunjwa leo. Weka watu wawili wanaoweza kupokea malalamiko, mmoja wao mwanamke kama mnaye. Watu wazima wasiwaandikie watoto faragha. Aliyethibitika anatoka siku hiyohiyo, awe na nyota ngapi, na aliyelalamika aelezwe kilichofanyika. Penye jinai, mzazi na polisi wahusishwe.

Kuhusu wewe mwenyewe. Ukiona umeanza kuwachukia wanachama kwa sababu wanakuuliza maswali, umechoka, na chama kitachoka nawe. Kabidhi vita vya mwezi mmoja kwa mwingine, ukae kama mwanachama wa kawaida, na uvumilie kuona anafanya tofauti na ulivyofanya. Usipige kura kwa kila jambo. Kura nyingi huzalisha makundi mawili yanayojua majina yao. Piga kura kwa lengo, na kwa viongozi. Mengine yaamuliwe na mwenye kazi yake.

Kila mambo yanapobadilika, iwe ni toleo jipya, kanuni mpya za ligi, au nusu ya watu wamemaliza chuo na kupata kazi, isome ile sentensi upya mbele ya wote na uulize kama bado ni yenu. Wakati mwingine jibu ni hapana, na hapo kugawanyika kwa amani ni bora kuliko kubaki pamoja kwa kununiana. Tangaza tarehe wiki mbili kabla. Toa orodha ya vyama vingine vinavyoweza kuwapokea watu, uwaandikie viongozi wake neno la kuwatambulisha. Kikundi cha WhatsApp kiachwe hai, kibadilishwe jina tu. Ghala ligawanywe kwanza na jina lifutwe mwisho, maana katika World of Warcraft, kwa mfano, gildi ikivunjwa vilivyobaki kwenye benki yake hupotea nayo, na kuna mtu alivikusanya.